Ziara ya kipaimara ya Baba Askofu wa Kanisa Anglikana, Dar es Salaam: tathmini kuanzia barua ya maombi hadi mbuzi wa zawadi

Tuanze na alama, maana ndizo zinazoulizwa kwanza. Sehemu ya Askofu mwenyewe, yaani kuwekea mikono wanaoimarishwa (ndicho kipaimara chenyewe), mahubiri na muda anaokaa na watoto baada ya ibada: nyota nne na nusu kati ya tano. Sehemu ya parishi zinazompokea: mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya wapishi. Parishi hatuzitaji kwa majina. Kasoro ni zilezile karibu kila mahali, na kila mzee wa kanisa atakayesoma hapa atajijua.

Mgeni aliyezoea Uanglikana wa Dodoma au Mpwapwa atashangaa kuona ubani, mafuta na mitra, kofia ndefu ya Askofu. Huu ni urithi wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, uliotoka Unguja. Dayosisi ya Dar es Salaam ilizaliwa 1965, John Sepeku akiwa askofu wake wa kwanza, na 1970 Kanisa Anglikana la Tanzania lilipokuwa provinsi inayojitegemea yeye ndiye aliyekuwa Askofu Mkuu wa kwanza. Kwa hiyo ibada ya hapa ina vitu vingi vya kushika, kuwasha na kuvua, na kila kitu kati ya hivyo kinaweza kuharibika mbele ya watu mia sita.

Barua ya kumwomba Askofu ipitie kwa Mkuu wa Jimbo (padre anayesimamia parishi kadhaa ndani ya dayosisi) kabla ya kufika ofisi ya dayosisi. Iseme mambo manne: tarehe mbili mnazozitaka (moja haitoshi), idadi ya wanakipaimara, kama kuna jambo jingine siku hiyo, na simu ya mtu mmoja tu wa kupokea maelekezo. Kosa kubwa ni la tatu. Parishi huomba kipaimara, halafu wiki ya mwisho inachomeka jiwe la msingi, kuzindua kwaya na kubariki gari la padre. Askofu anayatenda yote, kwa upole. Ila hawezi kuwa Mbagala saa 3:00 na Kimara saa 5:00, kwa hiyo parishi ya pili inalipa deni la parishi ya kwanza. Tena Jumapili asubuhi mbio za barabarani zinaweza kufunga njia za Masaki, Oysterbay na Daraja la Tanzanite. Anayepanga msafara aulize Ijumaa, asisubiri kukuta askari amesimama katikati ya barabara.

Sasa kiini chenyewe. Kuna namna mbili za kuwekea mikono. Ya kwanza: Askofu anakaa kitini mbele ya altare, wanakipaimara wanakuja mmojammoja na kupiga magoti. Ya pili: wanapiga magoti kwa safu, kumi au kumi na wawili, yeye anatembea. Kwa kiti, hesabu sekunde 40 kwa kila mtu. Wanakipaimara 90 ni saa nzima. Kwa safu, sekunde 20 zinatosha, na hao 90 wanamalizika kwa nusu saa. Sisi tunapendelea kiti mpaka watu 60, kwa sababu mtoto anatazamwa usoni na kuitwa kwa jina lake. Zaidi ya hapo ni safu, bila mjadala. Kiti kiwe cha urefu wa kawaida, sentimita 45 hivi, kisichozungushiwa mito na maua. Tumeona kochi la sebuleni lililofunikwa satini: Askofu anazama, mtoto aliyepiga magoti anamzidi kimo, na huyo mtoto anabaki kuinama ili apakwe mafuta, kama anatafuta sindano.

Majina. Kadi ibandikwe kifuani upande wa kulia, herufi kubwa za kalamu nene, jina la ubatizo peke yake. Si jina la baba, si la ukoo, si maua pembeni. Kadi ya kushikwa mkononi inalowa jasho, na mtoto mwenye hofu huishika kichwa chini. Msimamizi asimame nyuma, mkono wa kulia juu ya bega la kulia la mwanakipaimara, wala asisogee mbele kupiga picha. Shela za wasichana zifungwe nyuma ya mstari wa nywele. Zikishuka hadi kwenye nyusi, Askofu analazimika kufunua kila mmoja kwa kidole chenye mafuta, na shela nyeupe ya kukodi inarudi dukani ina doa.

Kuhusu hayo mafuta, kitu kidogo ambacho parishi nyingi zinakisahau ni sahani ya kunawia. Krisma ni mafuta ya zeituni yenye manukato, na maji matupu hayayatoi. Andaa vipande vinne vya ndimu, mkate mkavu kidogo, birika la maji ya uvuguvugu, beseni na taulo. Askofu anasugua vidole kwa mkate, kisha ndimu, kisha maji. Dakika moja imekwisha. Bila hivyo anashika kikombe cha Komunyo kwa vidole vinavyoteleza. Maji hayo yasimwagwe kwenye sinki la jikoni. Yamwagwe ardhini, penye ua la kanisa.

Mitra na fimbo ni kazi ya mtu mmoja aliyefundishwa, asichaguliwe kijana mrefu kuliko wote kwa sababu tu anapendeza. Mitra inavaliwa Askofu akiwa ameketi, akiweka mikono, na wakati wa baraka. Inavuliwa kwa sala na kwa Injili. Fimbo inashikwa kwa mkono wa kushoto, ncha yake iliyopinda ikielekea kwa watu. Mishipi miwili ya mitra ikae mgongoni, na hapo ndipo maikrofoni ya kichwani inapoleta fujo: waya unanasa kwenye mshipi, na kila akivuliwa mitra spika inakwaruza. Tumia maikrofoni ya kusimama kando ya kiti, na nyingine mimbarini. Jenereta iwekwe upande ambao upepo hautoki, maana moshi wa dizeli ukichanganyika na ubani hata mashemasi wanakohoa.

Ubani wenyewe: mkaa wa kawaida wa gunia hutoa cheche, na cheche moja kwenye kasula (vazi la juu la ibada) ya poliesta ni tundu. Chagua mkaa wa vifuu au vidonge vya mkaa, uwashe dakika kumi kabla ya maandamano, na feni ya juu ya altare izimwe. Najua Machi ni joto. Izimwe tu kwa muda huo.

Divai hupimwa kwa makisio, na makisio hayo huishia aibu. Kila mtu huchukua kama mililita 5, kwa hiyo lita moja inatosha watu 200. Wanakipaimara wengi siku hiyo wanapokea Komunyo ya kwanza, na jamaa zao waliotoka mikoani nao wapo. Ongeza theluthi moja juu ya hesabu ya Jumapili ya kawaida.

Mahubiri ya Askofu msimu huu yamekuwa mafupi kuliko miaka ya nyuma, dakika ishirini mpaka ishirini na tano, naye anawageukia watoto badala ya viongozi wa mbele. Hili tunalisifu bila masharti. Kinachoua siku ni kinachofuata: risala ya parishi, risala ya TAYO (umoja wa vijana wa Anglikana), risala ya Umoja wa Mama, salamu za diwani, harambee, halafu matarumbeta. Ibada iliyoanza saa 3:00 asubuhi inaisha saa 9:00 alasiri, na watoto waliofunga tangu alfajiri wamelala kwenye mabenchi. Risala iwe moja, kurasa mbili, na harambee ifanyike Jumapili nyingine. Anayetaka kuchangisha mbele ya Askofu anajua kwa nini, nasi tunajua.

Rejista ndiyo inayotupunguzia nyota zaidi. Jina la mwanakipaimara, tarehe na mahali pa ubatizo, jina la msimamizi, sahihi ya Askofu: vyote vijazwe kwa wino Ijumaa, ibaki sahihi tu. Askofu atie sahihi sakristiani kabla hajavua mavazi. Akishafika mezani kwenye pilau hutampata tena, na kitabu kitapata mchuzi. Jina lifuate cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Miaka kumi baadaye huyo mtoto atataka kutangaziwa ndoa, parishi nyingine itaomba cheti cha kipaimara, na “Elizabeti” wa rejista hatafanana na “Elizabeth” wa kitambulisho cha taifa.

Kwa yanayokuja katika ratiba baada ya msimu huu, tahadhari mbili zinatosha. Kwa madaraja matakatifu, yaani kuwekwa wakfu mashemasi na mapadre: stola (kitambaa kirefu chembamba cha ibada) ya shemasi hukaa bega la kushoto na kushuka kwa mshazari hadi ubavu wa kulia, ya padre hushuka pande zote mbili; anayemvika awe amejaribu siku ya mazoezi, na pini iwe mfukoni. Kwa mawe ya msingi: msichonge tarehe kwenye marumaru mpaka ofisi ya dayosisi ithibitishe kwa maandishi, na kibali cha ujenzi cha manispaa kiwe mkononi kabla ya kumwita Askofu kumimina zege. Kuna jiwe mjini humu lina tarehe ambayo Askofu alikuwa safarini.

Zawadi. Bahasha ya mafuta ya gari apewe dereva au katibu, kimyakimya, na iandikwe kwenye kitabu. Kitenge kwa Mama Askofu ni sawa. Mbuzi hai si sawa: gari dogo halina pa kumweka, atalia kuanzia Ubungo hadi Posta, na anayemfungua kamba jioni ni dereva, akiwa bado na suti ya Jumapili. Kama lazima awe mbuzi, achinjwe hapohapo asubuhi, na mguu mmoja ufungwe vizuri ndani ya ndoo yenye barafu.