TAHADHARI: Muuza kabureta za pikapu za zamani hapa Mombasa, msimwachie ile yenu ya kwanza

Jamani wenye pikapu za zamani za petroli, Hilux za injini ya 22R, Datsun 1200, Stout, hata nyinyi wa Land Rover, someni hii kabla hamjatoa pesa. Kuna jamaa anajitangaza mtandaoni ati auza kabureta (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) eksi Japani, yaani zilizotumika kule, picha safi, kitu chang'aa, na bei yake ni ya katikati, si ghali ya kukukimbiza wala si rahisi ya kukutia wasiwasi. Jina simtaji, yeye mwenyewe abadilisha jina na laini kila mara, shikeni vile anavyofanya kazi ndivyo mtakavyomjua.

Mimi ni fundi, injini za petroli za zamani ndio mkate wangu, na gari zinazoletwa kwangu zikiwa zishapita kwake zimekuwa nyingi, sasa nasema.

Hana duka. Mwakutana barabarani, leo Makupa kesho Changamwe, na siku zote yuaja na "fundi wake" aliyebeba spana, ati kufungiwa na kutuniwa ni bure. Huyo fundi afungua eya kilina, achungulia kabureta yako, atikisa kichwa, "mzee hii ishakufa, haitengenezeki." Yang'olewa, ile nyingine yafungwa, yazungushwa skrubu mbili tatu na bisibisi, injini yanguruma vizuri na wewe washaona mambo sawa, watuma M-Pesa. Sasa ndio laja lile neno: "hii ya zamani haina kazi kwako, niachie nikurudishie elfu 2 nipeleke chuma chakavu."

Wizi uko hapo. Hiyo unayomwachia ndiyo mali. Kabureta ya Aisan iliyokuja na Toyota yako au Hitachi ya Nissan, hata iwe imekaa miaka 30 na zaidi, mara nyingi haijafa, ni gasketi zimekauka, ngozi ya pampu imepasuka, sindano ya floti (boya la ndani linalopima petroli) imelika na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zimezibwa na kutu ya tenki. Seti mpya ya gasketi na kuiosha vizuri, yarudi kazini. Yeye aichukua, aitengeneza, aiuza bei kamili kwa mtu anayejua. Wewe wabaki na takataka iliyopulizwa rangi ya silva.

Juzi kaja mzee mmoja na Hilux yake abebea nazi kutoka Kwale. Moshi mweusi, yala mafuta vibaya, na akipakia mzigo kilimani yakata pumzi. Nikatoa plagi, zote nyeusi tii. Nikachomoa dipstiki, oili yanuka petroli, na hiyo ni hatari kuliko watu wanavyodhani maana petroli ikiingia kwenye oili yaosha kuta za silinda na ringi zalika haraka. Nikaifungua ile kabureta. Jeti zimepanuliwa kwa waya na namba zake zimepigwa tupa, floti ukiitikisa wasikia petroli ndani, ile solenoidi (vali ya umeme) ya kukata mafuta imefungwa kuziba tundu tu, haina hata waya, na rangi ya silva imeingia mpaka kwenye vijia vya hewa. Kisha shika ile ekseli ya kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, yacheza huku na huku. Hapo hata uwe fundi wa namna gani hutuni kitu, hewa yaingia pembeni bila kupimwa. Mzee alikuwa karibu kulia wallahi, kwa sababu ile yake ya kwanza ilikuwa nzima na hatujui iko wapi sasa.

Na wenye Datsun 1200 nawaomba sana muwe makini zaidi, kwenye injini ile kabureta yakaa upande mmoja na manifoldi ya egizosti (chuma cha kutolea moshi), iko juu yake kabisa. Floti mbovu ikifurisha petroli yamwagikia chuma cha moto. Hilo si suala la pesa tena.

Mtu auliza sasa mbona pale barabarani ilinguruma vizuri? Kwa sababu apandisha ile skrubu ya mwendo wa kusimama mpaka injini yakimbia juu, na ikikimbia juu uvujaji wa hewa hauonekani. Mwambie airudishe chini mpaka ingurume polepole, halafu skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa aifunge taratibu mpaka ikae, bila kuikaza, aifungue karibu mizunguko 2 kisha atafute pale injini inapotulia. Ukishapapata, mwambie aifunge tena pole pole. Kabureta nzima, injini lazima ianze kuyumba na kutaka kuzima. Ikiwa ameifunga yote na injini haijali, mafuta yapitia kwingine, hiyo usiichukue. Kama una geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa hewa wa injini) bora zaidi, hapa pwani injini nzima yasoma inchi 17 hadi 21 na mshale watulia.

Kabla hata haijafungwa, weka rula kwenye kitako chake uone kama kimepinda, tikisa ekseli, tazama kama jeti zina namba. Aisan na Hitachi zina kidirisha cha kioo cha kuonyesha kiasi cha petroli ndani, kikiwa kimepakwa rangi jua kuna kitu chafichwa. Mtu mkweli hatakataa uifungue kifuniko mbele yake, huyu atakwambia "ukifungua garantii imekufa", garantii gani ya mtu asiye na duka.

Jambo jengine, baadhi ya anazouza zimetoka kwenye magari ya Nairobi. Kule ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, kuna mafundi waliotia jeti ndogo. Ukiileta hapa pwani bila kubadilisha jeti mchanganyiko wakuwa mkavu (petroli kidogo, hewa nyingi), gari yapata moto, yakohoa kwenye kabureta, na valvu zaweza kuungua. Hata ikiwa nzima, uliza imetoka wapi.

Ila la kushika kuliko yote, kabureta yako usimwachie mtu. Haya, ati imekufa, basi rudi nayo nyumbani ikiwa imekufa hivyo hivyo. Ichore alama mahali pa siri kabla fundi yeyote hajaigusa na uipige picha na namba zake.

Na kwa yule ambaye yashamfika, usifute meseji ya M-Pesa wala mazungumzo yenu, ile kabureta yake iweke usiitupe, mpe fundi mwengine aifungue mbele ya shahidi na upige picha za ndani. Mahakama ya madai madogo yasikiza kesi zisizozidi shilingi milioni 1 na si lazima uwe na wakili. Na ukiiona kabureta yako yenye alama yako inauzwa mahali, usigombane pale, piga picha tangazo lote kwanza halafu nenda polisi.