Gereji ya Unga Limited, Arusha: springi safi, kabari kinyume, na jibu la "zitazoea"

Jibu lenyewe ndilo linaloniuma. Land Cruiser mkonga imetoka kuinuliwa inchi 2, ikifika 70 kwenye lami ya Kisongo sakafu inatetemeka hadi viti vinalia. Nairudisha. Fundi mkuu hata hakuinama kuchungulia chini. "Kaka, springi mpya hizo, zitazoea."

Zitazoea nini? Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, haizoei! Krosi, jointi iliyo kwenye kila ncha ya propela, ikipinda haizunguki kwa mwendo mmoja: kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya pili ndiyo inayofuta mtikisiko huo, na inaufuta tu ikiwa imepinda sawasawa na ya kwanza. Maana yake flenji (sahani inapofungwa propela) ya gia boksi ndogo na pinioni ya difu (inayopokea propela kwenye ekseli ya nyuma) ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1.

Pale hakuna aliyepima. Mbali na springi, walifunga shakeli ndefu nyuma (kiungo kinachoshika mkia wa springi kwenye chesesi). Shakeli ndefu hushusha mkia wa springi, pua ya difu, yaani pinioni, inapanda kidogo, ila hapa haikutosha. Kabari waliweka kati ya springi na ekseli, tena ya chuma, ya digrii 3, ila wameigeuza! Springi zikikaa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari unaelekea nyuma ili pua ipande. Wao wameuelekeza mbele.

Simu ina kipimo cha pembe, nikaibandika kwenye flenji gari ikiwa imekanyaga chini kwa matairi yake, tangi limejaa, keria juu. Ukipima ekseli ikining'inia kwenye jeki unajidanganya. Gia boksi ndogo: digrii 4 kuelekea chini. Pinioni, ambayo ilitakiwa itazame juu digrii 4, inatazama chini 2. Propela yenyewe 9. Krosi ya mbele imepinda 5, ya nyuma 11! Kwa hali hiyo unasubiri tu krosi ikatike porini huko Makuyuni.

Na kabla ya hapo walishanitoza kubalansi matairi. Tairi mbovu mara nyingi utaisikia kwenye usukani; propela inakuja kwenye sakafu na makalio, na inabadilika ukiachia mafuta. Fundi wa springi hajui hilo?

Haki yao niwape: mbele wamefanya vizuri sana. Bushi zenye tundu la pembeni, za kurekebisha pembe ya ekseli ya mbele, zimeingia upande unaotakiwa, usukani unarudi wenyewe baada ya kona, na hawakuzidisha hadi kuharibu pembe ya propela ya mbele. Nilishasema siwapi hata nyota moja. Halafu kijana mmoja wa palepale akaangalia namba kwenye simu, akasema "samahani bosi, tumekosea," akageuza kabari zote mbili, hayakufika masaa mawili. Sasa krosi zote 5 na 5, gari inakwenda 100 kimya. Kwa huyo kijana, nyota 4.

Lakini hapana, ngoja. Alipofungua nikaona yuboti, zinazofunga springi kwenye ekseli, ni zile za zamani, zimeshavutika, na kwa unene wa kabari nati zilikuwa zimeshika nyuzi chache mno. Senta bolti, inayoshika majani ya springi pamoja, nayo fupi, kichwa hakifiki vizuri kwenye tundu la ekseli. Hapo ekseli inahama! Nimenunua mpya mwenyewe, ndefu zaidi, na zinakazwa tena ndani ya kilomita 500 za mwanzo.

Nyota 2. Na hela ya kubalansi matairi bado naidai.