TAStudio ya BizHawk: Guile wa kompyuta nimemkamata

Kila aliyepigwa na kompyuta kwenye gemu ya kupigana Street Fighter II Turbo ya Super Nintendo (1993) ameshalalamika kwamba Guile, mmoja wa wapiganaji, anaonea akiendeshwa na mashine. Mimi nilitaka ushahidi, nikapakua BizHawk. Ni emuleta ya bure, yaani programu inayoiga mashine za gemu kwenye kompyuta, na ndani yake mna TAStudio, chombo cha wale wanaotengeneza video za mapigo ambayo vidole vya binadamu havifiki.

Pambano linageuka daftari. Kila mstari ni fremu moja, yaani picha moja ya mchezo, fremu kama 60 kwa sekunde, na kila safu ni kitufe. Ukibofya kiboksi, kitufe hicho kimebonyezwa kwenye fremu hiyo. Shoryuken, ngumi ya kupaa ya mpiganaji Ryu, ni mistari michache: mbele, chini, kisha chini-mbele pamoja na ngumi. Hujaridhika? Badilisha mstari, programu yenyewe inakurudisha hapo. Fremu zilizokwisha kupita zina rangi ya kijani. Zenye wekundu ni zile ambazo gemu haikusoma vitufe kabisa, usihangaike nazo.

Haya, Guile. Mimi nikimchezesha na kutaka Sonic Boom, lile bomu analorusha, lazima nishikilie nyuma kwanza, nisubiri, ndipo niende mbele na ngumi. Yeye nilimsogeza fremu moja moja: anakuja mbele, anakuja, bado anakuja, mara mikono inafunguka na bomu limeshatoka. Nyuma hakugusa! Nilicheka peke yangu usiku ule.

Raha nyingine ni kwamba unamwandikia na mchezaji wa pili: ruka hapa, jikinge pale. Kwa kupima kombo, mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupumua, hakuna mfano. Lakini usitegemee vidole vyako vitajifunza chochote. Nikishika pedi, Shoryuken yangu ni ile ile ya kubahatisha. Na anayeingiza msaada wa namna hii kimyakimya kwenye mechi na watu, huyo ni mwizi tu.

Maelezo ni ya Kiingereza, na raundi moja inakula jioni nzima. Faili la bk2 linabeba vitufe tu, si video, kwa hiyo ni jepesi kulituma kwa WhatsApp hata bando likiwa mwishoni. Hakikisha tu mwenzako ana toleo lile lile la gemu, la sivyo ataona Ryu anapiga hewa.