Singer 15K ya kukanyaga: cherehani ninayowaambia mafundi wapya wanunue

Mabinti wanaojifunza kushona kwangu hapa Morogoro, wakikaribia kumaliza, huniuliza wanunue cherehani gani. Huwajibu bila kusita: tafuta Singer 15K ya kukanyaga, ya mtumba, hata kama rangi imebanduka na maua yake ya dhahabu yamefutika. Yangu niliinunua shilingi laki mbili na themanini pamoja na meza na stendi yake ya chuma. Ndiyo inayolisha nyumba yangu, na kwa bei hiyo sijaona mashine mpya inayoikaribia kwa mshono ulionyooka.

Nasema mshono ulionyooka kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake pekee. Haina zigizaga wala ovaloki, ule mshono unaozuia ncha za kitambaa zisifumuke, wala hakuna kitufe cha kubonyeza ikatoa maua. Inashona mbele, na matoleo yenye kirudishio yanashona na nyuma, basi. Lakini tazama kazi zinazoletwa kwa fundi wa mtaani: gauni la kitenge, sare ya shule, suruali ya khaki, pazia, foronya, pindo la khanga. Karibu zote ni mshono ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachotakiwa ni ulingane na usikatike. Hapo 15K haina mpinzani. Umeme ukikatika wiki ya kwanza ya Januari, wazazi wamejaa kibarazani wanadai sare, jirani mwenye mashine ya mota amekaa anasubiri, sisi tunakanyaga tu.

Ukitaka kujua kwa nini naisifu hivi, telezesha kile kibamba cha chuma kilicho pembeni ya sindano, kisha zungusha gurudumu kwa mkono, polepole. Sindano inashuka na uzi wa juu, inatoboa kitambaa, inafika chini kabisa, halafu inapanda kidogo, kama milimita mbili hivi. Kupanda huko kunaulegeza uzi, unafanya kitanzi kidogo ubavuni mwa sindano. Papo hapo ncha ya ndoana, kile chuma cha chini kinachonasa uzi, inafika, inakinasa kitanzi, inakipitisha kulizunguka kasha la bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini, na uzi wa chini unabaki umeshikwa ndani yake. Kule juu mkono wa kuvuta uzi unapanda na kukaza, na pale nyuzi mbili zilipokutana panazama katikati ya vitambaa, hapaonekani juu wala chini. Ndoana ya 15K haizunguki duara zima, inakwenda nusu na kurudi, kwenda na kurudi. Ni mwendo usio na makeke, wenye vyuma vichache vya kuharibika, na fundi mwenye bisibisi anaweza kuufungua wote mezani na kuurudisha kabla ya chakula cha mchana. Ncha ya ndoana ikiwahi au ikichelewa, kitanzi kinakosekana na mshono unaruka. Kila binti ninayemfundisha huanza kwa kukaa pale na kulizungusha gurudumu mpaka akione kitanzi kwa macho yake, kabla hajagusa kitambaa cha mteja.

Mshono huo wa nyuzi mbili hakuubuni Singer, na napenda wanafunzi wangu walijue hilo kwa sababu jina lililoandikwa kwenye chuma huwafanya wafikiri mtu mmoja alifanya yote. Mfaransa Barthélemy Thimonnier, yeye mwenyewe fundi nguo, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya cherehani yake mwaka 1830, ya mshono wa mnyororo wa uzi mmoja, akaanza kushona sare za jeshi mjini Paris. Mafundi wenzake waliogopa kukosa kazi, wakaivamia karakana na kuzivunja mashine. Alikufa maskini mwaka 1857. Huko New York, Walter Hunt alikuwa ameunda mashine ya nyuzi mbili miaka ya 1830, lakini hakuichukulia hataza. Inasimuliwa kuwa alihofia wanawake waliokuwa wakiishi kwa kushona kwa mkono wangekosa riziki. Hunt huyohuyo ndiye aliyebuni pini ya usalama mwaka 1849, ile tunayofungia nepi na kubania nguo wakati wa kupima, na akaiuza haki yake kwa dola 400. Kwangu mimi mtu huyo anastahili heshima katika kila kibanda cha fundi.

Elias Howe wa Massachusetts ndiye aliyepata hataza ya Marekani ya mshono wa nyuzi mbili, tarehe 10 Septemba 1846. Sindano yake ilikuwa na tundu karibu na ncha. Ishike sindano ya mkono na sindano ya cherehani uziweke pamoja, utaona tundu limehama kutoka kichwani kwenda nchani. Bila kuhama huko, kile kitanzi nilichokieleza hakipatikani, kwa sababu sindano ya cherehani haivuki kitambaa nzima kama ile ya mkono. Inashusha uzi na kurudi ilikotoka.

Isaac Merritt Singer alikuja baadaye. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani na fundi mitambo, na mwaka 1850 alikuwa Boston katika karakana iliyokuwa ikitengeneza cherehani za watu wengine zenye kasoro nyingi. Akaisimamisha sindano wima ipande na kushuka, akalaza meza ya kitambaa, akaweka mguu wa kukandamiza nguo isinyanyuke na sindano. Hataza yake ni ya tarehe 12 Agosti 1851. Howe alimshitaki kwa ajili ya ule mshono, akashinda, na mwaka 1856 wenye hataza wakubwa wakakubaliana kuziweka pamoja na kugawana malipo ili kesi ziishe. Kwa hiyo ukikanyaga 15K unakanyaga akili za watu wengi.

Mtu ambaye hatajwi sana, na ambaye mafundi wa leo wanahitaji kumjua, ni Edward Clark, mwanasheria aliyekuwa mshirika wa Singer. Cherehani wakati huo iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, fedha ambayo familia ya kawaida ya Marekani haikuwa nayo mkononi. Mwaka 1856 Clark akaanzisha kuuza kwa malipo ya awamu: unatanguliza kidogo, unachukua mashine nyumbani, unalipa kila mwezi kutokana na kazi ya mashine hiyohiyo. Wenzangu wanaochukua fedha za kikoba kununua cherehani, kisha wanarejesha kwa kushona, wanafanya jambo hilohilo. Naliunga mkono kwa moyo wote, mradi mashine iwe imekaguliwa kabla fedha haijatoka.

Kuna habari ya Gandhi pia ambayo huwa naisimulia darasani. Aliyepinga mashine za viwandani maisha yake yote aliitoa cherehani ya Singer katika lawama zake, akaihesabu miongoni mwa vitu vichache vyenye manufaa vilivyobuniwa, akisema Singer aliitengeneza kwa kumpenda mkewe aliyeteseka na sindano ya mkono. Sifa kwa mashine naikubali yote. Lakini Singer hakuwa mume wa namna hiyo. Alizaa watoto zaidi ya ishirini na wanawake kadhaa, wengine akiwa nao kwa wakati mmoja kwa majina tofauti. Habari ya mke anayeshona hadi usiku husimuliwa zaidi juu ya nyumba ya Howe.

Turudi kwenye mashine yenyewe. Herufi K katika 15K ni ya Kilbowie, mahali kilipokuwa kiwanda cha Singer huko Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1913 kiwanda hicho kilitoa cherehani zaidi ya milioni moja, na kituo cha treni kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake bado kinaitwa Singer. Namba ya mashine imegongwa kwenye chuma, upande wa kulia karibu na kitako cha nguzo. Ikianza na Y, mashine ni ya miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930. Ikianza na E ikifuatwa na herufi nyingine, ni kuanzia katikati ya miaka ya 1930. Yangu ina E. Usinunue umri, lakini namba iliyogongwa vizuri ni dalili nzuri, kwa sababu sokoni kuna vichwa vingi vilivyopigwa rangi nyeusi upya na kubandikwa nembo ya Singer. Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha kichwa kinachong'aa, maua ya dhahabu yote mapya. Nilipopitisha ukucha mahali pa namba, palikuwa laini kabisa, pamesagwa. Nikakirudisha.

Umbo la 15 lilinakiliwa sana. Baada ya vita vya pili vya dunia Wajapani walilitengeneza kwa wingi, na Wachina wakalishika, na zile Butterfly za Shanghai zenye kipepeo ambazo zimejaa kwenye vibaraza vya mafundi wetu ni za ukoo huohuo. Faida yake kwetu ni kubwa: bobini ya namna ya 15 na sindano zake bado ndizo zinazotumiwa na cherehani nyingi za nyumbani duniani, kwa hiyo duka lolote la uzi na vifungo unazipata. Mashine iliyotengenezwa Scotland kabla mama yangu hajazaliwa inatumia sindano niliyoinunua dukani juzi. Ukikosa Singer nzima, Butterfly ya zamani iliyotunzwa naikubali kabla ya Singer iliyochoka.

Unapokwenda kuikagua, usianze kwa kushona. Toa mkanda, zungusha gurudumu. Lizunguke jepesi, lisikwame mahali pamoja kila duru. Shika fimbo ya sindano ujaribu kuitikisa mbele na nyuma. Ikicheza, mashimo yake yamelika, iache, hakuna fundi atakayekurudishia chuma kilicholika. Nyanyua bamba la sindano uyaangalie meno yanayosukuma kitambaa: yawe makali ukipitisha kidole. Meno yaliyosagika yanafanya kitenge kiteleze, mishono mingine mirefu mingine mifupi, na mteja anaona. Ugumu wa kuzunguka peke yake usikuogopeshe. Mara nyingi ni mafuta ya kupikia ambayo mtu aliyatia akifikiri mafuta ni mafuta, yakaganda kama gundi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, acha yakauke, tia mafuta ya cherehani kila tundu, zungusha, kesho yake tia tena.

Ndipo ushone. Beba vipande vyako mwenyewe: kitenge, khaki iliyokunjwa mara nne, na kitambaa chepesi cha bitana. Tumia uzi wa rangi moja juu na mwingine chini, ndio utakaokuambia ukweli. Uzi wa chini ukionekana juu ya kitambaa, kikaza uzi cha juu kimebana kupita kiasi. Vifundo vikijaa upande wa chini, kimelegea, au uzi haukukaa katikati ya visahani vyake. Hayo yanarekebishika kwa kuzungusha. Mshono unaoruka hata baada ya kuweka sindano mpya ni habari nyingine, ncha ya ndoana inaweza kuwa imevunjika, na hapo punguza bei au ondoka.

Kasoro zake nazisema wazi. Ni nzito, kuihamisha na stendi yake kunataka watu wawili wenye nguvu. Kukanyaga kunachosha nyonga na magoti usipokaa sawa, na anayeanza hukanyaga kinyume, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukajisokota kwenye bobini mpaka ukate kwa mkasi. Mwendo wake hauwezi kushindana na mashine ya kiwandani ya mota, kwa hiyo mwenye oda ya sare mia tano asiitegemee peke yake. Ncha za kitambaa utazipeleka kwa mwenye ovaloki, ulipe kwa kila nguo, na gharama hiyo uiingize kwenye bei yako tangu mwanzo.

Anayetaka kushona fulana, jezi na nguo zote zinazovutika asiinunue. Mshono ulionyooka hauvutiki, mteja akivuta shingo ya fulana uzi unakatika siku ya kwanza. Huyo atafute ya zigizaga. Fundi wa vitenge, sare, suruali na mapazia achukue 15K, aweke sindano namba 14 kwa kitenge na 16 kwa khaki, na mkanda wa ngozi aununue mrefu, aukate kwa kupima kwenye magurudumu yake mwenyewe, kwa sababu mkanda mpya hulegea baada ya muda na utahitaji kuupunguza.