Botox Kisumu: niliambiwa miezi sita, ndita zikarudi hata shule hazijafungwa

Wacha nianze na kazi yangu juu bila hiyo hamtaelewa. Mimi ni depyuti kwa shule ya wasichana ya bweni, nje kidogo ya Kisumu, na depyuti asiyeweza kukunja ndita ni kama askari ameacha rungu nyumbani. Miaka kumi na tisa ya kukunjia watoto wa wenyewe uso imeniachia mistari miwili katikati ya nyusi, imesimama wima kama 11 imeandikwa na biro. Hata nikiwa nimetulia naangalia taarifa ya habari mzee wa nyumba ananiuliza sasa nani amekuudhi. Kwa hivyo likizo ya Aprili nikaona ofa ya Botox, ile sindano ya kulaza msuli wa uso ili mistari ipotee, kwa kliniki fulani hapa mjini (sitaitaja, sitaki maneno), nikajiambia pesa ya chama si imetoka, wacha niende.

Pale mapokezi nikauliza swali moja tu, hii kitu inakaa muda gani. Dada akanijibu bila kupepesa, "Madam, hii ni miezi sita, wengine hata mwaka." Elfu 14 kwa sehemu moja. Nikatuma M-Pesa nikiwa bado kwa kiti cha kungojea. Nikaitwa ndani, jamaa akatokea chumba cha nyuma na bomba la sindano limeshajazwa, akanidunga mara tano, moja juu tu ya pua na mbili kila upande kufuata nyusi, inauma kama siafu imekushika halafu inaachilia. Dakika kumi niko nje natafuta boda. Hakuna aliyeniambia nifanye nini au nisifanye nini.

Siku ya nne nikaanza kuhisi paji la uso limekuwa zito kidogo, wiki ya pili ikawa imeshika kabisa. Nilijuaje? Asembli ya Jumatatu kuna msichana wa kidato cha tatu amevaa sweta ya rangi yake, nikamwita mbele, nikamkunjia ule uso wangu wa siku zote, na nikahisi kabisa hakuna kitu imesonga. Mtoto akaniangalia. Akangoja. Halafu akauliza kwa heshima zote, "Madam, naweza kurudi kwa laini?" Yawa, nilicheka mpaka nikajifanya nakohoa. Huko stafurumu wakaanza kuniuliza kama nimepata mkopo wa sacco. Mama yangu Ahero naye akanishika kidevu akasema, "Nyathina, siku hizi unalala vizuri." Kwa hivyo kusema ukweli ilifanya kazi, hapo siwezi kuwasingizia.

Shida ilianza wiki ya nane. Niko kwa gari nangoja watoto washuke, nikajiangalia kwa kioo, nyusi ya kushoto ikashuka yenyewe nilipokunja macho kwa jua. Ya kulia bado imelala. Wiki ya kumi zote mbili zimeamka na 11 yangu iko pale pale, na termu ya pili bado inaendelea. Miezi sita gani hiyo?

Nikapiga simu. Yule dada akaniambia labda mwili wangu "unachoma dawa haraka", eti nakunywa maji mingi? Nirudi waniongezee, elfu kumi tu. Nikamwambia kabla sijarudi anitumie picha ya kadi yangu. Akatuma. Imeandikwa Botox, yuniti 10.

Sasa hapo ndio mimi nilipata elimu, na ni afadhali niandike yote juu najua kuna mtu anatafuta hii saa nane usiku. Kipimo cha Botox cha katikati ya nyusi ni yuniti 20, nne kila tundu kwa matundu matano, na si maoni ya daktari mmoja, ndivyo ilivyoandikwa tangu Marekani waidhinishe hiyo sehemu mwaka 2002. Mimi nilipewa nusu. Ukipewa kidogo inashika lakini mara nyingi inaachilia mapema. Na hata ukipewa yote 20, muda wake wa kawaida ni miezi mitatu mpaka minne, basi. Kuna dawa nyingine inaitwa Daxxify iliidhinishwa Marekani Septemba 2022, hiyo ndio utasikia miezi sita ikitajwa, na hata hiyo si kila mtu anafika. Lakini kadi yangu haikuandikwa Daxxify.

Kliniki ya pili iko upande wa Milimani, nilienda likizo ya Agosti. Safari hii nilianza kwa tovuti ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari Kenya, nikaangalia kama daktari yuko kwa rejista na leseni ni ya mwaka huu, inachukua dakika mbili. Daktari alinichelewesha karibu masaa mawili, na kahawa yao ni ya bure lakini imepoa, hizo nimeziondolea nyota. Ila alipofika alitoa kichupa kwa friji, akanipa mkononi nisome jina na tarehe ya kuisha, unga wake hata hauonekani vizuri ndani, halafu akauchanganya na ile maji ya chumvi mbele yangu. Nikamuuliza swali lile lile. Akasema, "Mwalimu, nikikuambia sita nitakuwa nakudanganya. Weka tatu, ukifika nne shukuru."

Nikamuuliza kwani inaisha aje, inatoka na jasho? Akacheka. Akaniambia neva ndio hutuma kemikali ya kuamrisha msuli ujikunje, hii dawa inafunga mdomo wa neva, amri haitoki, msuli unakaa tu. Lakini neva haikubali kunyamazishwa, inaota vichipukizi vipya pembeni, na baadaye ule mdomo wa kwanza wenyewe unafunguka. Hiyo safari ndio huchukua hiyo miezi mitatu, minne. Nikaelewa kabisa, juu nina wasichana mia sita wa aina hiyo.

Pia alinikataza kusugua uso na kulala chini kwa masaa manne, na kuhusu ule mpango wa kuongezewa wiki ya kumi akasema hapana, nisubiri miezi mitatu ipite, maana ukirudia rudia mwili unaweza kujifunza kuipinga na isishike tena. Akaniuliza kama nina mimba. Na miaka 47! Lakini aliuliza, yule wa kwanza hakuuliza chochote.

Yuniti 20 kwa 1,200 kila moja, jumla elfu 24. Wiki ya pili nyusi ya kulia ilikuwa imepanda juu kidogo, naonekana kama nashuku kila mtu, nikarudi akaongeza tone bila malipo ikashuka. Hiyo ilinibeba hadi termu ya tatu yote, KCSE nimezunguka ukumbi wa mtihani na uso laini kama wa mke wa pasta, mpaka mwisho wa Novemba. Wiki 15.

Sasa mimi nafunza hesabu kwa hivyo nitakuwa mkweli. Elfu 14 kwa wiki kumi ni 1,400 kwa wiki, elfu 24 kwa wiki 15 ni 1,600. Ya kwanza ni rahisi kwa wiki! Hasira yangu haikuwa pesa. Wangeniambia "madam tunakupa nusu, inakaa miezi miwili na kitu", labda ningelipa na nirudi tena. Wao nimewapa nyota mbili, Milimani nne. Na ukilinganisha bei uliza pia ni dawa gani, kwa sababu yuniti hazifanani, Dysport, dawa nyingine ya aina hii, hiyo sehemu ni yuniti 50 na haimaanishi umepewa nyingi kuliko mwenye 20 za Botox.

Mdogo wangu yeye aliweka fila kwa ile mistari ya kutoka puani hadi mdomoni, hiyo ni kitu tofauti kabisa, ni jeli ya asidi ya hayaluroniki inajaza, hailazi msuli. Ya kwake iko mwezi wake wa kumi na moja tangu aweke na bado naiona, zingine huisha kwa miezi sita, zingine zinapita mwaka. Usichanganye hizo mbili ukienda kuuliza bei.

Na kwa wenye kuuliza kama ukiacha utazeeka zaidi, hapana, uso haukuzeekei kwa hasira. Unarudi tu ulipokuwa. Wangu umerudi nusu hivi. Pesa ya awamu ya tatu iko, lakini shule zinafunguliwa Januari na kuna wageni wapya hawajaniona, hao nitaingia nao na 11 yangu kwanza. Tukifika Aprili nitaenda.