Taji la jino: disilikati ya lithiamu au zirkonia?

Fundi wa maabara ya meno hapa Nairobi akipokea kazi ya taji la kauri (kifuniko kinachovikwa jino), mara nyingi huchagua kati ya kauri mbili: disilikati ya lithiamu, yenye kioo ndani yake, na zirkonia. Zote huchongwa kwa mashine zikiwa bado dhaifu. Nguvu huzipata tanurini.

Disilikati huchongwa ikiwa ya samawati, uimara wake ukiwa takriban megapaskali (kipimo cha mkazo unaohimiliwa kabla ya kuvunjika) 130 hadi 150. Ikipashwa moto hadi nyuzijoto 840 hivi, fuwele ndefu nyembamba huota na kufumana ndani ya kioo, hata ufa ukianza hukosa njia iliyonyooka. Uimara hupanda kupita megapaskali 360, na rangi hugeuka ya jino. Yote haya ndani ya saa moja.

Zirkonia ni habari nyingine. Hutoka mashineni laini kama chaki, kisha huchomwa kwa nyuzijoto 1,500 hivi. Ratiba ya kawaida hula saa nyingi. Chembe hushikana, vinyweleo hufungika, taji husinyaa karibu asilimia 20, ndiyo maana huchongwa kubwa makusudi. Aina isiyopitisha mwanga sana hufika megapaskali 900 na zaidi. Lakini stima ikipotea katikati (na tunaijua stima yetu), bila jenereta unaweza kupoteza kazi yote iliyo tanurini.

Jino la mbele ningelivika disilikati: hupitisha mwanga, na asidi ya hidrofloriki huiandaa kushikana vyema na gundi. Gego la mpenda mahindi choma, zirkonia. Ila daktari akiisaga kidogo kinywani aing'arishe tena, la sivyo mikwaruzo yake italila jino linalokutana nayo.