Huduma ya TB na VVU chini ya paa moja, Moshi mjini: nyota 4 kati ya 5

Kituo tunachokizungumzia ni cha serikali, kiko Moshi mjini. Jina lake tunaliacha kwa makusudi, maana kasoro zake utazikuta kwenye vituo vingi vya aina hiyo. Anayeugua TB huku akiishi na VVU anahudumiwa chumba kimoja, siku moja, na muuguzi mmoja. Hatumwi jengo la pili akapange foleni upya na kikohozi chake. Hilo peke yake linatosha kukipendekeza. Nyota moja tumeizuia kwa sababu ya dirisha la dawa, na huko ndiko tutakakokaa muda mrefu.

Mapokezi yamepangwa vizuri. Kila anayekuja kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, anaulizwa mambo 4: unakohoa, una homa, unatokwa jasho usiku, umepungua uzito? Kwa watu wengine tumezoea kusikia habari ya kikohozi cha wiki 2. Kwa mwenye VVU haisubiriwi hivyo, hata kikohozi kilichoanza jana kinampeleka maabara. Kilichotufurahisha ni kwamba mizani inatangulia maswali. Mtu akisema "sijapungua", muuguzi tayari ana kilo za leo mkononi na kilo za safari iliyopita kwenye kadi. Na upande wa pili pia haukusahauliwa: anayegundulika na TB anapimwa VVU hapo hapo, baada ya kuelezwa na kukubali.

Maelezo ya makohozi ni ya kupigiwa mfano. Mgonjwa anapewa kikopo chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha, kisha anaelekezwa: suuza kinywa kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara 2 au 3, kohoa kutoka chini ya kifua, tema, funga. Anakoholea nje, penye upepo, si chooni. Mate meupe mepesi yanarudishwa kwa upole aanze tena. Wengi hawajui kwa nini usumbufu huu una maana. Kinga ikishuka sana, TB haitoboi mapafu matundu makubwa kama ilivyozoeleka, kwa hiyo vimelea vinavyotoka na makohozi ni vichache. Darubini huvikosa. Hata picha ya kifua inaweza kuonekana safi ilhali mtu anaumwa. Ndiyo maana GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya vimelea vya TB, inatangulizwa. Ndani ya saa 2 tangu sampuli iingie mashineni inasema kama vimelea vipo na kama rifampisini, dawa kuu ya TB, bado inavishinda. Majibu yakichelewa mpaka kesho, ujue ni foleni au umeme, mashine yenyewe haina kosa.

Tunachowalaumu maabara na matabibu kwa pamoja ni kipimo cha mkojo cha LAM kukaa kabatini. Kimewekwa kwa ajili ya mgonjwa dhaifu asiyeweza kukohoa, hasa aliyelazwa au mwenye CD4 (hesabu ya chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200. Mikrolita 60 za mkojo zinawekwa kwenye utepe, unasubiriwa dakika 25, kisha mstari unalinganishwa na ule wa kwenye kadi ya mfano ya kipimo hicho. Hakihitaji umeme. Wanaokisoma mapema au bila kadi hupata majibu ya kubahatisha. Lakini kisipoonyesha kitu, haimaanishi TB haipo, na uchunguzi uendelee. Tabibu asipokiandika kwenye fomu, hakifanyiki, na hapa mara nyingi hakiandikwi. Wewe ndugu wa mgonjwa unaweza kuuliza, wala si utovu wa adabu.

Sasa dirisha la dawa. Kwa TB ya kawaida, kidonge kimoja kimebeba dawa 4: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Mtu wa kilo 50 anameza 3 kwa mkupuo, mara moja kwa siku, na wa kilo 60 anameza 4. Hivyo kwa miezi 2, halafu miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi tu. Uzito ukipanda, idadi ya vidonge nayo inapitiwa upya. Hapo kituo kinafanya vizuri.

Kinapokwama ni pale dawa za TB zinapokutana na zile za kufubaza VVU (ARV). Wengi wako kwenye TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri miligramu 50. Rifampisini inalichochea ini livunje dolutegraviri haraka kuliko kawaida, hivyo ile inayobaki kwenye damu haitoshi kuvizuia virusi kwa saa 24. Tiba yake ni rahisi: TLD inabaki kama ilivyo, na saa 12 baadaye mgonjwa anameza kidonge kingine cha dolutegraviri peke yake, miligramu 50. Akinywa TLD saa 1 asubuhi, hicho cha pili ni saa 1 jioni. Na asikiache siku anapomaliza dawa za TB. Anaendelea nacho wiki 2 zaidi, kwa kuwa ini halitulii mara moja.

Kwenye kituo hiki kidonge cha jioni kinaandikwa kwenye faili la TB, ilhali mtoa dawa anashika karatasi ya CTC. Kwa hiyo mgonjwa anaondoka na chupa moja badala ya mbili, na hakuna anayeshtuka, maana siku za kwanza hajisikii tofauti. Chumba ni kimoja lakini mafaili ni mawili, na mafaili hayasemezani. Wapo pia wanaosikia "dolutegraviri mara mbili" wakaanza kumeza TLD mbili. Hiyo ni hatari nyingine, kwa sababu tenofoviri nayo inakuwa maradufu na figo ndizo zinazolipa. Dawa ya tatizo hili haihitaji mfadhili. Mhuri mmoja juu ya karatasi ya CTC, wenye neno TB na tarehe ya kumaliza, ungetosha.

Tarehe pia hazijapatanishwa. Anayeendelea vizuri na ARV amezoea kuchukua za miezi kadhaa, lakini TB inamtaka aje mara kwa mara. Anayeshuka kutoka Kibosho au kutoka Himo akiitwa Jumanne kwa TB na Alhamisi kwa CTC, mojawapo ataiacha, na kwa kawaida huacha ile ambayo haimuumizi siku hiyo. Omba tarehe moja. Ukiomba wanabadilisha bila ubishi. Tatizo ni kwamba hawakuambii kuwa inawezekana.

Ushauri nasaha ni mzuri, ila una mapengo. Wanaeleza vizuri kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa na hakuna haja ya kuogopa, kwamba pairidoksini miligramu 25 ni ya kuzuia ganzi miguuni, na kwamba kotrimoksazoli 960 kila siku si ya TB bali ni ya kuzuia maradhi mengine nyemelezi. Macho yakiwa ya njano au kutapika kukizidi, rudi siku hiyo hiyo. Kuhusu pombe wanasema "usinywe" na kuishia hapo. Kwa Mchaga mwenye msiba au harusi mbele yake, semeni wazi kuwa mbege nayo ni pombe, na ini lililobebeshwa dawa 3 zinazolichosha halihitaji mzigo wa nne. Wanawake hawaambiwi vya kutosha kwamba rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na kwamba hata vijiti inaweza kuvidhoofisha. Sindano ya Depo haiathiriki hivyo. Vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia navyo havitajwi, wakati vikimezwa pamoja na dolutegraviri huizuia isifyonzwe vizuri.

Asiyekuwa ameanza ARV anaanzishwa ndani ya wiki 2 tangu aanze dawa za TB. TB ya utando wa ubongo ni habari nyingine, huko husubiriwa wiki 4 hadi 8. Hapa tunawapa sifa kubwa, kwani wanamwonya mgonjwa mapema kwamba wiki za mwanzo anaweza kuonekana anazidiwa: homa inarudi, matezi yanavimba, kikohozi kinaongezeka. Mara nyingi ni kinga iliyoamka na kuanza kupambana na vimelea vilivyokuwepo. Arudi apimwe, kwani inaweza pia kuwa usugu au dozi zilizorukwa, ila asiache dawa hata moja kwa uamuzi wake. Familia nyingi hapa ndipo husema "hizi dawa zinamuua" na kumpeleka kwingine.

Benchi la kusubiria liko barazani, wanaokohoa wanapewa barakoa na kupitishwa mbele. Chumba cha ndani kina madirisha pande mbili, vizuri kabisa. Lakini Juni hadi Agosti, baridi ya mlimani ikishuka, watu huyafunga, na wahudumu huwaachia. Wavae masweta, madirisha yabaki wazi.

Mashine ikionyesha usugu wa rifampisini, mgonjwa anaunganishwa na Kibong'oto, wilayani Siha, hospitali iliyoanza mwaka 1926 kama makazi ya wagonjwa wa kifua na ndiko matibabu ya TB sugu yalikoanzia nchini mwaka 2009. Rufaa inatembea haraka, na ufuatiliaji baada ya hapo ni wa kuridhisha.

Ukija, njoo na kadi zote mbili, ya TB na ya CTC, pamoja na chupa zenye dawa zilizobaki. Walio nyumba moja nawe nao waje kuchunguzwa. Watoto chini ya miaka 5 wasiougua hupewa dawa kinga. Vipimo na dawa vyote ni bure. Anayehamia Arusha au Mirerani kikazi aombe fomu ya uhamisho ya TB na ya CTC siku moja, na kabla hajaikunja ahakikishe kidonge cha jioni kimeandikwa kwenye zote mbili.